Nimeitwa Kusomea Uuguzi, Baba Anataka Udaktari

*Swali:* "Mwalimu, nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka jana nikapata B+. Biolojia nilipata A-, kemia B+, hisabati B na Kiswahili A-. Chaguo langu la kwanza lilikuwa udaktari, lakini KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, imenipa nafasi ya shahada ya uuguzi katika chuo kikuu cha umma. Baba ni fundi wa jua kali Kibuye, hapa Kisumu. Anasema B+ si alama ya kutupa kwenye uuguzi, na yuko tayari kuuza kipande cha shamba letu la Ahero ili nisomee udaktari katika chuo cha kibinafsi. Mama hataki shamba liuzwe. Wenzangu nao wananicheka kwamba nimeitwa kazi ya wanawake. Mimi nilianza kuipenda kazi ya hospitali likizo ya Agosti, nilipomuuguza nyanya yangu aliyelazwa 'Russia', hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, kwa kidonda cha mguu cha kisukari, ingawa siku ya kwanza kidonda kilipofunguliwa nilishikwa na kizunguzungu nikatoka nje. Je, nikubali uuguzi halafu baadaye nipande kuwa daktari, au nimsikilize baba? Na mtu anayeishiwa nguvu akiona kidonda, si afadhali awe daktari ambaye hafungi vidonda?"

*Jibu:*

Mwanangu, kabla sijasema lolote ni haki yako kujua anayekujibu ni nani. Mimi ni muuguzi kwa taaluma. Nilifanya kazi wodini Nakuru na baadaye Kakamega kabla ya kuingia katika ualimu, na sasa ninawafundisha wanafunzi wa uuguzi na pia kuwapokea wa udaktari wanapokuja kujifunza kwa wagonjwa. Naipenda kazi yangu, kwa hiyo pima maneno yangu ukilijua hilo. Nitajitahidi kukueleza mambo jinsi yalivyo, hata pale ambapo ukweli unaupendelea udaktari.

Umeuliza maswali mengi kwa mpigo, lakini naona hofu moja inayoyaunganisha: kwamba ukikubali uuguzi utakuwa umeshindwa, na kwamba ukikataa huenda ukaiponza familia nzima. Hofu ya pili ina msingi, na nitaizungumzia kwa kirefu. Ya kwanza imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, nayo ni kwamba udaktari na uuguzi ni ngazi moja, muuguzi akiwa amekaa chini na daktari juu, na kila aliye chini anangoja kupanda.

Rudi kwenye kitanda cha nyanya yako, kwa sababu pale uliziona kazi zote mbili zikifanyika juu ya mguu mmoja, pengine bila kuzitofautisha. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu, mgonjwa asihisi msumari wala kiatu kinachombana, na huharibu pia mishipa ya damu, hivyo kidonda kinakosa damu ya kutosha ya kukiponya. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu nazo hupoteza makali ya kupambana na vijidudu. Ndiyo maana kidonda kidogo cha kidoleni kinaweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa mguu. Kazi ya daktari hapo ni kujibu maswali mazito yenye majibu machache: je, maambukizi yamefika kwenye mfupa? Ni dawa gani ya kuua bakteria itumike, na kwa muda gani? Je, nyama iliyokufa iondolewe katika chumba cha upasuaji, na kama haitoshi, mguu ukatwe wapi? Anaagiza picha ya eksirei na vipimo vya maabara, anapima uwezekano, anaamua, na uamuzi huo ni wake. Akikosea, mzigo ni wake. Kisha anaelekea kitanda kinachofuata, kwa sababu wagonjwa wanaomngoja ni wengi.

Anayebaki ni muuguzi. Anapofungua bendeji na kukisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, hafanyi usafi peke yake. Anatazama kama nyama ya chini ni nyekundu yenye uhai, au ina utando wa manjano, au imeanza kuwa nyeusi. Ananusa, maana harufu ikibadilika kati ya jana na leo, hiyo ni habari. Anagusa ngozi inayokizunguka kidonda kujua kama ina joto, anatafuta mpigo wa damu juu ya unyayo, anapima sukari kabla ya chakula, anadunga insulini kwa kipimo sahihi, na akiona kwamba mgonjwa hakula, anajua kwamba kipimo kile kile cha jana leo kinaweza kumuua. Tena ndiye anayemweleza binti wa mgonjwa jinsi ya kumkagua mama yake nyayo kila jioni wakirudi nyumbani. Daktari hutegemea macho hayo. Akija asubuhi na kuambiwa kwamba usiku homa ilipanda na kidonda kimebadilika, anaweza kubadilisha matibabu. Asipoambiwa, ataendelea na mpango wa jana.

Hilo si wazo la kuwafariji wauguzi tu, kwa kuwa limepimwa. Mwaka 2002, Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti uliohusu hospitali 168 za jimbo hilo la Marekani. Waligundua kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 za kulazwa. Karibu na kwetu, mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Akina mama waliojifungua waliwekewa karatasi ya plastiki yenye mistari ya vipimo ili damu inayotoka ionekane kiasi chake badala ya kukisiwa kwa macho, na wakunga wakaanza matibabu yote kwa pamoja mara tu ilipopita kiwango cha hatari. Kuvuja damu vibaya na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Dawa zilizotumika hazikuwa mpya. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa karibu na mama aliona mapema na alikuwa na idhini ya kutenda papo hapo.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba muuguzi kazi yake ni kutekeleza amri. Katika zahanati nyingi za Siaya, Vihiga na Busia, msimamizi wa kituo ni muuguzi. Anapokea wagonjwa, anatibu malaria na nimonia kwa kufuata miongozo ya Wizara ya Afya, anatoa chanjo, anazalisha, na ndiye anayeamua nani apakiwe kwenye gari saa nane za usiku kupelekwa hospitali kubwa. Daktari huanza kupatikana kwa kawaida katika hospitali za ngazi ya nne, yaani za kaunti ndogo, na kuendelea. Mkenya wa kijijini anaweza kuzaliwa, kuchanjwa na kutibiwa utoto wake wote bila kukutana na daktari hata mara moja.

Sasa nigeukie lile neno lako "nipande". Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu vijana wengi wameumia kwa kulisadiki. Hapa Kenya hakuna daraja linaloanzia uuguzini na kuishia udaktarini. Mwenye shahada ya uuguzi anaweza kuomba kusomea udaktari, na wapo waliofanya hivyo wakafaulu, lakini ataanza karibu na mwanzo, akae darasani na vijana waliotoka shuleni, ajilipie karo, na aache mshahara akiwa katika umri ambao pengine tayari ana familia. Miaka yako minne ya uuguzi haipunguzi miaka sita ya udaktari ila kwa kiasi kidogo sana, kama kipo. Ukiwa na hakika moyoni kwamba unataka kuwa daktari na si kitu kingine, basi kupitia uuguzini ndiyo njia ndefu na ya gharama kubwa kuliko zote.

Uuguzi una ngazi yake wenyewe, nayo ni ndefu. Baada ya shahada unaweza kubobea katika uangalizi wa wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji, figo, macho, afya ya akili, watoto wachanga, au kutoa dawa za usingizi, kisha shahada ya uzamili na ya uzamivu. Muuguzi aliyebobea katika figo, anayesimamia mashine za kusafisha damu na kujua kwa kumtazama mgonjwa kwamba presha inakaribia kushuka, hajakwama chini ya mtu.

Kuhusu kile kizunguzungu, nimefurahi kwamba umekitaja, maana wengi hukificha kwa aibu. Ulichopata ni jambo la kawaida la mwili. Kwa baadhi ya watu, kuona damu au kidonda huchochea neva iitwayo vagasi, mapigo ya moyo yakapungua huku mishipa ya damu ya miguuni ikilegea, presha ikashuka ghafla, na ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Ndipo jasho jembamba hutoka, masikio hulia na macho huingia giza. Haimaanishi kwamba una moyo mwepesi au kwamba hukuumbiwa hospitali. Nimewaona wanafunzi wakianguka wodini wiki ya kwanza, wa uuguzi na wa udaktari vilevile, ambao leo ni hodari katika vyumba vya upasuaji. Mwili huzoea kadiri unavyokutana na jambo hilo mara kwa mara na kwa utulivu. Ukihisi kinaanza, kaza misuli ya mapaja, makalio na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, uilegeze kwa muda wa nusu dakika, urudie mara kadhaa. Kukaza huko husukuma damu kurudi juu. Kula kabla ya kwenda wodini, usifunge magoti ukiwa umesimama, na kikizidi, kaa chini bila haya. Lakini ikiwa umewahi kuzimia ukikimbia au ukicheza mpira, au moyo huenda mbio bila sababu, au katika ukoo wenu kuna kijana aliyefariki ghafla, hilo ni jambo tofauti. Nenda ukapimwe moyo kabla ya kufikiria chuo.

Hata hivyo, umekosea unapodhani kwamba udaktari utakuepusha na vidonda. Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi wa udaktari hujifunza mwili wa binadamu kwa kupasua maiti, na akifika mwaka wake wa uanagenzi, yaani wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, atapita katika upasuaji na uzazi, ambako damu ni ya kila siku. Hakuna mlango wa kuingia hospitalini usiopita mbele ya kidonda.

Wanaokucheka kwa kuitwa kazi ya wanawake hawaijui historia ya kwao. Enzi za ukoloni, Waafrika wa kwanza kufunzwa kuuguza katika hospitali nyingi za serikali na za misheni walikuwa wanaume, wakiitwa madresa, na wazee wengi wa Nyanza na wa Magharibi bado wanalikumbuka jina hilo. Leo wanaume wamo katika kila wodi, ikiwemo ya kujifungulia. Utakachokutana nacho zaidi ni wagonjwa kukuita "daktari" kwa sababu tu wewe ni mwanamume, huku daktari wa kike aliye pembeni yako akiitwa "sista". Wasahihishe kwa upole kila mara. Mgonjwa ana haki ya kujua anayemhudumia ni nani.

Tuje kwenye alama. Baba amesema B+ si ya kutupa, nami namwelewa, kwa kuwa mzazi aliyekomaa mikono kwa nyundo na bati anataka kuona jasho lake limefika mbali kabisa. Lakini hesabu iko hivi. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya uuguzi ni C+, ila nafasi za vyuo vya umma hugombaniwa sana, na wengi wanaozipata wana B na zaidi. Kwa hiyo hujatupa chochote, umepata nafasi ambayo maelfu wameikosa. Upande wa udaktari, kiwango cha chini kinachotambuliwa na baraza la madaktari, KMPDC, ni B ya jumla pamoja na B katika masomo ya msingi, nawe unakifikia. Katika vyuo vya umma, hata hivyo, viti vya udaktari huchukuliwa karibu vyote na wenye A na A-, ndiyo maana hukuitwa. Chuo cha kibinafsi kinaweza kukupokea kihalali kabisa, na huko utafundishwa udaktari ule ule na kufanyiwa mitihani chini ya baraza lile lile. Ninachokuomba ni kwamba, kabla senti moja haijalipwa, muulize KMPDC kwa maandishi kama chuo hicho kimeidhinishwa sasa hivi kupokea wanafunzi wa udaktari. Kwa uuguzi ni Baraza la Wauguzi la Kenya. Baraza ndilo linalomsajili mwanafunzi tangu anapoanza masomo, na shahada ya kozi isiyoidhinishwa haitakupa leseni hata ukiwa umefaulu kila karatasi.

Hapa ndipo ninapofika kwenye shamba, na ndipo ninapotaka usome polepole. Udaktari ni miaka sita chuoni na mmoja wa uanagenzi. Karo ya chuo cha kibinafsi kwa masomo hayo huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi kila mwaka, mbali na chumba, chakula, vitabu, vifaa na nauli. Ruzuku ya serikali unayoweza kuipata katika chuo cha umma haitakufuata huko. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, unaweza kuuomba, lakini hautoshi kubeba mzigo wote. Kipande cha shamba la Ahero kinaweza kulipa mwaka wa kwanza na wa pili, labda na wa tatu. Swali ambalo familia nyingi hazijiulizi ni nani atalipa mwaka wa tano. Udaktari hauna cheti cha katikati. Aliyeacha mwaka wa nne kwa kukosa karo hatoki na nusu ya leseni, na hawezi kuajiriwa kama nusu daktari. Anarudi nyumbani bila taaluma, na shamba limekwenda. Nimeketi na wazazi waliofikwa na hayo, na mazungumzo hayo ni mazito kuliko yoyote ninayofanya na wagonjwa.

Kwa hiyo mwombe baba mkae, wewe, yeye na mama, mwandike gharama za miaka yote sita katika karatasi moja, mwaka kwa mwaka, na mbele ya kila mwaka muandike fedha zitatoka wapi. Msiandike "Mungu atafungua njia" katika safu ya fedha. Namheshimu Mungu na naamini hufungua njia, lakini msajili wa chuo atataka risiti. Ikiwa karatasi hiyo inajaa hadi mwaka wa sita bila kuwaachia wadogo zako njaa, mpango wa baba una uzito na unastahili kufikiriwa. Ikiwa inakatika mwaka wa tatu, mmeshapata jibu bila kugombana. Tena baba akumbuke kwamba shamba la kilimo haliuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya ardhi, na kama ni mali ya ndoa, bila ridhaa ya mama. Kukataa kwake si ukaidi wa kupuuzwa. Sheria imempa neno.

Juu ya mshahara sitakuficha: daktari wa serikali hulipwa zaidi ya muuguzi tangu mwanzo, na tofauti huongezeka akibobea. Lakini usidhani kwamba koti jeupe lina hakika ya kazi. Tangu 2013 wahudumu wengi wa afya huajiriwa na kaunti, na kuna madaktari na wauguzi wenye leseni wanaosubiri ajira. Madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakafuata mwaka 2017 kwa takribani miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini kimojawapo cha mzozo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba ulisema shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Muuguzi naye ana njia za nje, na Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kuwapeleka wauguzi, ingawa nisingemshauri mtu asomee uuguzi kwa ajili ya ndege. Ukichoka wodini Kisumu kwa sababu hupendi wagonjwa, utachoka vilevile wodini Manchester, tena kwenye baridi.

Hesabu miaka pia. Ukianza uuguzi sasa, utasoma miaka minne na kufanya mwaka mmoja wa uanagenzi, na katikati ya miaka yako ya ishirini utakuwa na leseni. Udaktari utakufikisha hapo baada ya miaka saba, na ukitaka kuwa daktari bingwa ongeza mitatu hadi mitano. Kuna pia njia ya afisa wa kliniki, ambaye huchunguza, hutambua ugonjwa na kutibu, na ndiye mhimili wa vituo vingi vya afya. Diploma yake katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ni miaka mitatu na mmoja wa uanagenzi, na Chuo Kikuu cha Egerton pale Nakuru kina shahada yake. Naitaja kwa sababu wapo vijana wanaosema wanataka udaktari, kumbe kinachowavuta ni lile fumbo la kutambua ugonjwa, na njia hii hulijibu kwa gharama ndogo zaidi.

Basi ni nani achague udaktari hata kwa taabu? Ni yule ambaye, akimwona mgonjwa, swali linalomkosesha usingizi ni "ana nini, na kwa nini?", anayefurahia kusoma saa nyingi peke yake, na anayeweza kuamua akiwa na habari nusu kisha akaishi na uamuzi wake. Na ni nani achague uuguzi? Ni yule ambaye swali lake ni "anaendeleaje sasa, na usiku utakuwaje?", asiyechoka kukaa na mtu yule yule zamu nzima, asiyeona haya kumwosha mzee au kumgeuza ubavu, na anayeona mabadiliko madogo kabla ya wengine. Sitaki uchague kwa kusoma sentensi hizi mbili tu. Kumbuka siku zako ukiwa na nyanya: ulikuwa ukingoja nini asubuhi? Kama ulikuwa ukingoja msafara wa madaktari ili usikie wakibishana juu ya dawa, hilo linasema kitu. Kama ulikuwa ukimtazama muuguzi akifungua bendeji, ukajipata siku ya tatu unamshikia trei wakati siku ya kwanza ulikimbia, hilo nalo linasema.

Kwa yale uliyoniandikia, na kwa kuwa mazungumzo ya shamba yameshaanza kuwagawa wazazi wako, maoni yangu ni kwamba uipokee nafasi ya uuguzi, uiingie kama chaguo na si kama chumba cha kusubiria. Yapo mambo mawili yanayoweza kunibadilisha mawazo: karatasi ya gharama ikijaa mpaka mwaka wa sita, na wewe mwenyewe ukigundua, baada ya kuyachunguza moyoni, kwamba ni uamuzi wa daktari unaokuita. Yakitimia yote mawili, nenda udaktari, nami nitakupokea wodini kwa furaha ile ile. Likitimia moja tu, halitoshi. Kurudia mtihani nisingekushauri, kwa sababu ni mwaka mzima bila uhakika wowote, na nafasi uliyo nayo mkononi ni nzuri.

Mambo mengine hayawezi kumalizwa kwa maandishi. Kabla ya tarehe ya kuripoti, nenda Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, hiyo "Russia" uliyoitaja, uende kwa ofisi ya muuguzi mkuu na barua yako ya kuitwa chuoni, uombe ruhusa ya kuzungumza na muuguzi mmoja na daktari mwanagenzi mmoja baada ya zamu zao, si wakati wa kazi. Waulize waliamka saa ngapi, nini kiliwachosha jana, na kama wangeichagua tena kazi hiyo. Nenda na baba ikiwezekana, kwa sababu kuna mambo ambayo hatayaamini kutoka kwako lakini atayasikia kutoka kwa mtu mzima mwenye sare. Ikiwa mazungumzo nyumbani yanageuka ugomvi, mtafuteni mwalimu wako wa ushauri nasaha wa shule au mzee wa ukoo ambaye wazazi wote wawili wanamheshimu, akae kati yao. Na kama shinikizo hili limeanza kukunyima usingizi au hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au umefikia kuona heri usingekuwepo, usisubiri tarehe ya chuo: mwambie mtu mzima unayemwamini leo hii, kisha mwende pamoja katika hospitali iliyo karibu mkaombe kumwona mhudumu wa afya ya akili.

Kabla hamjakata shauri, ingia katika tovuti ya KUCCPS au ufike ofisi zao uulize dirisha la uhamisho linafunguliwa lini na masharti yake ni yapi, ili ujue ni milango gani bado iko wazi. Barua ya chuo iangalie pia tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi, uiandike mahali ambapo baba na mama wote wataiona.